Sauti Tatu, Umati Mzima

Usiku wa tarehe 10 Novemba 1975, katika studio za Elstree nje kidogo ya London, vijana wanne wa bendi ya Queen walisimama gizani mbele ya kamera za televisheni kwa muda wa saa nne hivi, kisha wakaenda zao. Siku nne baadaye walitakiwa kuwa jukwaani mjini Liverpool, mwanzo wa ziara ya kuinadi albamu yao mpya. Kipindi cha Top of the Pops cha BBC, ambacho kila wiki kiliwaonyesha Waingereza wanamuziki wenye vibao, kisingewasubiri warudi. Zaidi ya hapo, wimbo wao mpya haukuwa wa kusimama studio na kujifanya unauimba: sehemu yake ya kati ina kwaya kubwa, na wao walikuwa wanne tu. Basi wakapeleka picha badala ya kwenda wenyewe.

Picha hizo ni video ya "Bohemian Rhapsody", na kwa miaka mingi nimekuwa nikizitazama kwa jicho la mtu anayependa kujua kitu kimeundwaje. Sisemi kwamba ni video nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Ninachosema ni kwamba sijaona nyingine inayoyafanyia macho kile kile ambacho wimbo wake unayafanyia masikio, tena kwa mbinu ile ile. Kulieleza hilo inabidi nianze na wimbo wenyewe, maana sehemu kubwa ya kazi ilikwisha kufanyika kabla kamera haijawashwa.

Wimbo una dakika 5 na sekunde 55, na hauna kiitikio. Unafunguliwa kwa sauti tupu bila ala. Piano inaingia, na kijana anamwungamia mama yake kosa lisilofutika. Gitaa linapokea. Halafu, bila kubisha hodi, tumo ndani ya opera: kundi la watu linabishana juu ya hatima ya kijana yule, wengine wanamtetea, wengine wanamkatalia. Opera inalipuka na kuwa roki ya nguvu, kisha kila kitu kinatulia na kufifia hadi pigo moja la upatu mkubwa. Redio za wakati ule zilizoea nyimbo za dakika tatu, na ndani ya kampuni yao ya EMI yalitoka maoni kwamba ukatwe. Bendi ikakataa. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London alipopewa nakala kabla ya wimbo kutoka, aliupiga mara 14 katika wikiendi moja, na suala la urefu likaishia hapo.

Kurekodi kulianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield huko Wales, mahali palipokuwa shamba la ng'ombe kabla ya kugeuzwa studio, na kazi ikamaliziwa katika studio nyingine kadhaa. Mtayarishaji alikuwa Roy Thomas Baker, fundi mitambo Mike Stone. Kwanza walirekodi piano, besi na ngoma. Walipofika mahali pa opera waliacha kipande cha tepu kitupu, kwa kuwa opera yenyewe bado ilikuwa kichwani mwa mwimbaji na mtunzi wa wimbo, Freddie Mercury. Kipande hicho kilikuwa kikirefuka. Kila Baker alipodhani wamemaliza, Freddie alirudi na mstari mwingine wa kuongeza.

Hapa ndipo penye ufundi ninaoupenda, na naomba msomaji anivumilie kidogo kwenye mambo ya mitambo. Tepu ya studio wakati ule ilikuwa na upana wa inchi mbili, na juu yake ziliweza kurekodiwa njia 24 zinazokwenda sambamba. Ishirini na nne zinaonekana nyingi mpaka uanze kuzigawa: ngoma zinachukua kadhaa, besi, piano, magitaa. Zinazobaki ni chache, na Freddie alitaka umati. Waimbaji walikuwa watatu: yeye mwenyewe, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor. Sauti ya May ilikuwa na uzito chini, ya Freddie ilijaza katikati kwa nguvu, na ya Taylor ilipanda juu kuliko wanaume wengi wanavyothubutu. Noti ile ya juu kabisa inayofunga opera ni yake.

Walisimama pamoja na kuimba mstari mmoja wa noti, wote watatu. Wakaurudia ule ule, kwenye njia nyingine. Wakaurudia tena. Kisha wakashuka au kupanda hadi noti iliyofuata ya mwafaka na kufanya vile vile. Njia zilipojaa, Baker na Stone walizichanganya zote na kuzimwaga kwenye njia moja au mbili, ili zile nyingine ziwe wazi, na kazi ianze upya juu ya ile iliyotangulia. Aliyewahi kumwangalia mwanamke wa Makunduchi akisuka ukili ataelewa upesi: kila ukanda ni mwembamba na haufai kulaliwa na mtu, lakini ukiunganishwa na mwenzake, na mwenzake, unapata mkeka wa kukalia watu kumi. Waliimba kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku, na sehemu ya opera peke yake ilikula takriban wiki tatu. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni kwamba tabaka za sauti zilifika 180.

Lakini kila unapomwaga sauti kutoka njia moja kwenda nyingine unatengeneza nakala, na nakala ya tepu haifanani kamwe na ya kwanza. Mvumo wa tepu unaongezeka, ukali wa sauti za juu unapungua. Nakala ya nakala ya nakala ni hatari: umati unaweza kuwa uji. Zaidi ya hayo, tepu yenyewe huchakaa. Unga wa chuma unaobeba sauti umepakwa tu juu ya plastiki, na kila unapopita kwenye vichwa vya mashine unasagika kidogo. Brian May amesimulia kwamba mwishowe waliiinua tepu kwenye mwanga wakaona inapitisha nuru. Kazi yao yote ya wiki kadhaa ilikuwa inang'oka mbele ya macho yao, ikabidi waihamishe haraka kwenye tepu nyingine.

Sikiliza matokeo kwa spika za masikioni. Katika utangulizi, yapo maneno machache yanayotoka sikio moja, na yanayofuata yanajibu kutoka sikio la pili, kana kwamba mtu amekuzunguka kwa hatua mbili. Kwenye opera mchezo huo unakuwa mkubwa: sauti ya chini inaita, ya juu inaitikia, kundi zima linaingia kati, kisha ghafla anabaki mmoja. Hakuna uji. Kila tabaka lina mahali pake, na ukimya kati ya wito na wito umekatwa kwa kipimo. Watu husifu ukubwa wa sehemu hii. Mimi nasifu usafi wake, kwa kuwa ukubwa mtu anaweza kuupata kwa kurundika, na usafi hauji ila kwa kujua mapema kila sauti itakaa wapi.

Na Freddie alijua. Karatasi zake za kutungia wimbo huu, nyingine zikiwa na nembo ya shirika la ndege la British Midland, zilionekana hadharani zilipopigwa mnada na Sotheby's mwaka 2023, zikauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.3. Katika moja jina la kwanza la wimbo lilikuwa "Mongolian Rhapsody", neno la mwanzo likakatwa na jingine likaandikwa juu yake.

Mtu huyu alizaliwa Unguja. Tarehe 5 Septemba 1946, Mji Mkongwe, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi waliotoka Gujarati, na baba yake alikuwa keshia katika Mahakama Kuu. Alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akajifunza piano na kuimba kwenye kwaya, akarudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, Uingereza. Leo watalii hupiga picha mbele ya jumba la makumbusho lake pale Shangani, lililofunguliwa Novemba 2019. Wapo wanaotaka kusikia taarabu ndani ya "Bohemian Rhapsody". Mimi siisikii. Ninachokisikia ni kwaya ya shule, opera ya Ulaya na piano ya mtu aliyefundishwa vizuri utotoni: katika sehemu ya polepole mkono wake wa kushoto unavuka juu ya wa kulia kwenda kugusa noti za juu, kisha unarudi, na sauti ile ndogo ya kuvuka ndiyo inayowafanya watu wautambue wimbo kabla hajaimba neno la sehemu hiyo. Mzanzibari ana haki ya kumwita mwenyeji bila kumbebesha muziki asioupiga.

Kuna jambo jingine katika maisha yake ambalo hutajwa kwa kupita tu, nami naliona kubwa. Huko London alisomea sanaa ya michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, na nembo ya Queen ni kazi ya mkono wake. Alikuwa mchoraji aliyejikuta mwanamuziki. Mtu wa namna hiyo akitunga wimbo, anauona pia.

Kabla sijafika Elstree, neno moja juu ya gitaa. Brian May alilijenga lake nyumbani pamoja na baba yake, kuanzia mwaka 1963, shingo yake ikitokana na mbao za meko ya zamani, na spring za mkono wa kutikisia nyuzi zikitoka kwenye injini ya pikipiki. Hapigi kwa kipande cha plastiki bali kwa sarafu ya peni sita, ambayo meno ya ukingo wake huukwaruza uzi na kuupa mwanzo wenye makali. Solo yake katika wimbo huu hairudii sauti ya mwimbaji kama solo nyingi zinavyofanya. Ni wimbo mwingine ndani ya wimbo, unaopanda pale sauti ya Freddie ilipoishia. Na ile mistari mizito ya roki baada ya opera, ambayo mashabiki hutikisa nayo vichwa, hakuitunga yeye. Aliitunga Freddie kwenye piano, ndiyo maana vidole vya wapiga gitaa wengi huihangaikia.

Sasa turudi studio. Mwongozaji alikuwa Bruce Gowers, mtu wa televisheni aliyekwisha kuwapiga picha Queen katika tamasha lao la ukumbi wa Rainbow mwaka 1974. Hakutumia filamu. Alitumia kamera za video, zilizounganishwa na gari la matangazo kama lile linalokwenda uwanjani siku ya mechi, na gharama inayotajwa ni pauni 4,500 hivi. Uhariri ulichukua saa chache, kwani miujiza yote mnayoiona ilifanyika pale pale, mbele ya lenzi, bendi ikiwa imesimama.

Video inafunguka kwa vivuli vinne vyeusi. Kisha nyuso nne zinatokea gizani: mmoja juu, wawili pembeni, mmoja chini, mwanga ukizichonga mashavu na kuyaacha macho kwenye kina. Mpangilio huo haukuzaliwa siku ile. Mpiga picha Mick Rock aliupiga kwa ajili ya jalada la albamu ya Queen II ya mwaka 1974, naye aliutoa kwenye picha ya mwigizaji Marlene Dietrich ya enzi za filamu ya Shanghai Express ya 1932, ile yenye mikono juu ya kifua na uso ulioinuliwa kwenye mwanga. Kwa hiyo picha iliyokaa kimya kwenye jalada kwa zaidi ya mwaka mmoja ikafumbua midomo na kuanza kuimba. Mashabiki wa mwaka 1975 walilijua jalada lile. Nadhani ndiyo sababu mshtuko ulikuwa mkubwa.

Opera inapofika, Gowers anakabiliwa na swali ambalo Baker alikwisha kulijibu kwa njia yake: watu wachache watageuzwaje umati? Jibu lake la kwanza ni kioo. Mbele ya lenzi aliweka kioo kilichochongwa pande nyingi, na kila upande ukauchukua uso ule ule na kuuweka mahali pengine kwenye fremu. Uso mmoja unakuwa kundi linalozunguka lenyewe. Jibu la pili ndilo lililonifanya niandike makala hii. Pale sauti inapojirudia mara kwa mara, uso wa Freddie unaanza kujizaa: mmoja nyuma ya mwingine, kila wa nyuma ukififia zaidi, msururu unaoteleza kwenda gizani. Mbinu yenyewe ni rahisi mno. Walielekeza kamera kwenye skrini iliyokuwa ikionyesha picha ya kamera ile ile. Kamera inaipiga skrini, skrini inaonyesha kilichopigwa, kamera inakipiga tena, na kila mzunguko unachelewa kidogo na kupoteza kidogo. Ni jambo lile lile linalotokea maikrofoni inapokaribia spika yake na kuanza kupiga yowe, ila hapa ni kwa mwanga.

Nakala ya nakala ya nakala. Studioni Baker na Stone walipigana na uhafifu wa nakala kwa wiki nzima nzima, wakijitahidi kila tabaka libaki safi kadiri mitambo ilivyoruhusu. Gowers akauchukua uhafifu huo huo na kuuacha uonekane. Kila uso unaofuata ni dhaifu kuliko uliotangulia, na katika udhaifu huo jicho linasoma umbali, kama sikio linavyosoma umbali katika mwangwi. Sauti iliyozidishwa ikapata uso uliozidishwa, vyote viwili vikitokana na mashine kujisikiliza au kujitazama yenyewe. Hapo ndipo ninaposema wimbo na video ni kazi moja.

Kuna uso mmoja katika zile nne unaostahili kutazamwa peke yake. Ni wa John Deacon, mpiga besi. Hakuimba kwenye rekodi hii. Uso wake umo ndani ya kwaya, sauti yake haimo, na bado bila yeye ile picha ya nyuso nne ingeanguka. Mchango wake masikioni ni besi, inayotembea chini ya piano kwa adabu kubwa hadi husikii kwamba ipo mpaka ikome.

Sehemu nyingine za video ni za kawaida. Freddie kwenye piano, May na gitaa, moshi, taa zinazowaka kwa kishindo roki inapoanza: haya yangeweza kuwa ya bendi yoyote iliyo jukwaani, na sioni haja ya kuyatetea. Mwishoni Taylor, kifua wazi, anaupiga upatu. Basi.

Kilichofuata kinajulikana. Video ilionyeshwa kwenye Top of the Pops tarehe 20 Novemba, mwisho wa mwezi wimbo ulishika namba moja Uingereza, ukakaa hapo wiki tisa. Freddie alipofariki tarehe 24 Novemba 1991 ulitolewa tena na kurudi namba moja kwa wiki tano nyingine. Mwaka 2019 video ilipita mara bilioni moja za kutazamwa YouTube, ya kwanza miongoni mwa zile zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1990. Wengine huiita video ya kwanza ya muziki duniani, na hilo si kweli. The Beatles walikuwa wakipeleka filamu za nyimbo zao kwenye televisheni tangu katikati ya miaka ya 1960. Ilichofanya hii ni kuyaonyesha makampuni ya muziki kwamba picha inaweza kuubeba wimbo mgumu hadi sebuleni kwa mtu, na kituo cha MTV kilipoanza Marekani mwaka 1981 fikra hiyo ilikuwa tayari imekomaa.

Jambo moja zaidi linaloniongezea heshima kwao. Kwenye maonyesho ya jukwaani Queen hawakujaribu kuiimba opera ile. Ilipofika, walitoka jukwaani, taa zikacheza, tepu ikapigwa, kisha wakaingia tena kwa kishindo cha roki. Wangeweza kutafuta waimbaji wa kukodi. Waliamua kwamba kitu kilichotengenezwa kwa tepu kisikike kutoka kwenye tepu.

Leo kijana wa Sinza au Eastleigh ana simu inayoweza kuzidisha uso mara mia kwa kugusa kidole, na kompyuta yenye njia za sauti zisizo na kikomo. Hilo ni jema, wala simtakii mtu kuchakaza tepu mpaka ipitishe nuru. Lakini video nyingi ninazozitazama hapa kwetu zingeweza kubadilishana nyimbo na hakuna ambaye angegundua: gari, bwawa la kuogelea, wachezaji, droni juu ya bahari. Wewe unayetengeneza video, nakuomba ufanye jambo moja kabla hujamwita mpiga kamera. Kaa na prodyuza wako, mwambie azime njia zote za wimbo, kisha azifungulie moja moja mpaka ujue umejengwaje. Ukishajua, ndipo uchague lenzi.